Chuma Mfuaji na Mlango wa Nyuma

Alizaliwa mwishoni mwa mvua, katika chumba cha kupanga kilichopakana ukuta na tanuri la matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa mchoma matofali na mshona magunia. Jina lake la ubatizo Mungu analijua. Mimi nitamwita Chuma, kama walivyomwita waliompenda na waliomtesa, kwa sababu jina hilo alipewa kimakosa, na makosa hayo ndiyo yaliyomuua.

Yalianza msibani. Mama yake alifariki Chuma akiwa bado binti mdogo, akamwachia mdogo wake wa kiume ambaye hata kuacha ziwa hajaacha. Siku ya maziko wanawake waligaagaa kwa kilio, naye akakaa mkekani macho makavu, amempakata mtoto, akimpigapiga mgongoni. Shangazi yake akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, “Jamani, huyu si mtoto, huyu ni chuma! Mama yake yuko kwenye jeneza, hata chozi moja?” Hakuna aliyeona kwamba kila pumzi ya kilio ilipompanda kifuani mtoto alishtuka, na binti yule akaimeza. Watu wazima waliojaa chumbani hawakuona, kisha wakamwachia amlee yule mtoto peke yake. Ndiyo, tumezoea. Asiyelia hubebeshwa.

Alipokuwa msichana alibisha hodi utawani, maana alitamani kumtumikia Mungu tangu utotoni. Mama mkuu alimhoji kuhusu msiba wa mama yake, akamtazama uso, akamwambia, “Mwanangu, moyo usiolia hausali.” Akarudi na kifurushi chake. Nasema wazi kwamba naandika maneno haya kwa hasira, na msomaji anayependa maisha ya watakatifu yenye asali tupu atafute kitabu kingine. Mlango wa kwanza aliofungiwa Chuma ulikuwa wa nyumba ya Bwana.

Wito wake ukamkuta kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hospitali na hoteli. Sakafu yake haikukauka mwaka mzima. Kulikuwa na masinki ya zege, mapipa ya kuchemshia, na mashine kubwa ya pasi ambayo shuka huingizwa mbichi upande mmoja na kutoka upande wa pili imenyooka na moto wake haushikiki. Juu ya vichwa yalipita mabomba ya mvuke kutoka kwenye boila. Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao waliyojitungia wenyewe. Aliyeungua alipiga kelele “Moto!”, na jirani yake wa kulia akachukua nafasi yake ili apumzike na kuloweka mikono. Ilikuwa desturi ya huruma, tena nzuri. Ila Chuma, aliyesimama pale shuka zinapotoka, hakupiga kelele hata siku moja, kwa hiyo hakupumzishwa hata siku moja. Wakacheka kwa mapenzi, “Mwacheni hapohapo, yule haungui.” Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kulia kwake alisimama wifi yake, mke wa yule mdogo wake aliyemlea.

Mlango wa nyuma wa kiwanda ulifungwa kwa kufuli saa zote za kazi, ati wafuaji wasiibe shuka. Ufunguo alikaa nao msimamizi, mzee wa kanisa, mwenye kiti chake mstari wa mbele. Kila Jumatatu asubuhi Chuma alikwenda ofisini kwake, akasimama mlangoni, akasema maneno yaleyale kwa sauti ileile ya upole: “Mlango wa nyuma ufunguliwe. Bomba likipasuka tutafia humu.” Msimamizi alimjibu, “Wewe wa chuma unaogopa nini?” Wenzake walimwonya kwamba atafukuzwa. Jumatatu iliyofuata akaenda tena. Hakutukana, hakulia, hakuacha. Wengine wakasema anajisumbua bure, wengine wakasema ana kiburi.

Aliposhindwa huko akaenda kwa paroko. Paroko alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na Jumapili akapanda mimbarini akahubiri juu yake! Alisema, “Mtazameni dada yetu. Mvumilivu hula mbivu.” Msimamizi mstari wa mbele aliitikia kwa kichwa. Hapo Chuma, ambaye hakuwahi kusikika kanisani isipokuwa kwenye sala, alisimama katikati ya mahubiri. “Baba, mimi sivumilii,” alisema. “Mimi nangoja mlango ufunguliwe.” Akaketi. Mwenye kinanda akaanza wimbo ili kuokoa hali. Baada ya misa watu walizungumzia ukosefu wake wa adabu. Kuhusu mlango hakuzungumza mtu.

Bomba lilipasuka mchana mmoja wa kawaida, msimamizi akiwa amekwenda kula na ufunguo uko mfukoni mwake. Lilipasukia upande wa mlango wa mbele, mvuke ukauziba, wanawake wote wakakimbilia nyuma na kukuta kufuli. Vali ya kuzuia mvuke ilikuwa kwenye boila, na gurudumu lake lilikuwa limelegea siku nyingi, ukilifunga na kuliachia linajirudia lenyewe. Chuma alizungushia mikono shuka mbichi, akalifunga, akalishikilia. Mvuke ukapungua, wenzake wakapata kuona, wakainua meza ya kukunjia na kuugonga mlango hadi ukavunjika. Shuka ile ilikauka mikononi mwake upesi. Wifi yake, mja mzito, alikuwa wa mwisho kufika mlangoni, akageuka akamwita. Chuma akamjibu, “Toka wewe kwanza.” Alipomwona amekwisha vuka kizingiti ndipo akaliachia gurudumu. Walimkuta ameanguka hatua chache kutoka pale, na viganja vyake sitavieleza.

Hospitalini alilazwa kwenye shuka alizozifua mwenyewe, na wodi ilijaa vilio. Muuguzi alipita na dawa za maumivu akawapa waliolia, akamruka yeye. Wifi yake akang'aka, “Na huyu je?” Muuguzi akasema, “Huyu ametulia, mama, haumwi.” Ndipo Chuma akafumbua macho.

“Naumwa,” alisema. “Naumwa sana. Nani aliwaambia siumwi?”

Wifi akaanza kulia. “Sasa dada, miaka yote ile mbona hukupiga kelele?”

“Ningepiga kelele, nafasi yangu angeshika nani? Ni wewe. Wewe na mimba zako.”

Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Dawa alikuwa amepewa, baada ya wifi kuifuata mwenyewe.

Wafuaji waling'oa kile kilichobaki cha mlango wa nyuma, wakauweka mwili wake juu yake, wakaubeba mabegani hadi kanisani. Msimamizi aliwazuia njiani: “Mlango huo ni mali ya kiwanda!” Wakampita wakiimba. Tangu hapo husimuliwa maajabu: kwamba mwanamke aliyeshindwa kujifungua aliligusa kaburi lake akajifungua salama, na kwamba kufuli ya mlango mpya uliojaribiwa kuwekwa nyuma ilikutwa wazi kila asubuhi. Mimi sibishi. Lakini ajabu ninayoijua kwa hakika ni kwamba wafuaji walikataa kushika kazi mpaka tundu lile liachwe bila mlango, na liko hivyo hadi leo, upepo unapita.

Sasa kamati ya parokia imeagiza sanamu yake, yenye uso mtulivu na viganja laini. Namkataa huyo. Huyo ndiye yule wa shangazi, wa mama mkuu na wa mimbarini, mtu asiyeungua, na asiyeungua hana ushujaa wowote. Wetu aliungua kila siku, akajua ataungua kesho, akasimama pale ili asiungue mwingine, na kila Jumatatu akaenda kudai mlango. Wapendwa waamini, msiige macho yake makavu. Igeni Jumatatu zake. Mtazameni jirani yenu aliyenyamaza, mmuulize kama anaumwa. Na wewe wa mstari wa mbele, unayekuja kumwashia mshumaa na ufunguo u mfukoni mwako, uzime mshumaa huo. Nenda kafungue.