Neno la siri la daktari mtarajiwa

Juzi niliingia steshenari moja mjini Pangani kutoa kopi, nikamkuta mama na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Kijana wa kompyuta alikuwa akimwombea binti nafasi ya kusomea udaktari.

"Hapa nimeweka namba yangu ya simu," kijana akasema. "Wateja wote nawafanyia hivyo. Majibu yakija, nawaita."

Mama akavaa miwani. "Majibu ya mwanangu yaje kwako, wewe nani wake?"

Kijana akafuta, akaandika namba ya mama. Walipofika kwenye neno la siri, mama akavuta kiti, akafunika kioo kwa mtandio, akatuamuru tugeukie ukutani. Niligeuka na kopi zangu mkononi. Binti alibaki anamtazama.

"Na wewe."

"Mama, si langu hilo?"

"Wewe ndiye nisiyekuamini kabisa. Utaingia kesho ubadilishe, uandike utalii, ukatembeze wageni ufukweni Ushongo."

Binti akageuka. Tukasimama watatu tukitazama kalenda ya mwaka jana, huku nyuma yetu kidole kimoja kikidonoa herufi polepole.

Kwa kijana simlaumu mama. Wapo waliokosa chuo kwa sababu mwenye namba alibadilisha laini. Lakini huyu binti, Mungu akipenda, watu wazima watamvulia nguo na kumweleza wasiyowaeleza wake zao. Sisi tutamkabidhi miili yetu. Kwa sasa hajakabidhiwa hata neno lake la siri.