Nilivyomfanya Fundi Cherehani Ayaogope Macho Yake

Je, ni macho ya mjomba, au ni hesabu yangu? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi kwa wiki saba. Nasema uongo. Halikuwa swali. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, nikawa naligeuza geuza ili nisilitazame usoni.

Mkosaji ni mimi, ndugu zangu. Naomba mnisikilize hadi mwisho.

Mjomba wangu Sudi ni fundi cherehani hapa Biryogo, Kigali. Suti zake za harusi zinajulikana hadi Butare, nilikosoma fizikia. Nimehitimu mwaka jana, 1989, na hadi leo sina kazi. Nashinda barazani kwake, nakunja vitambaa na kufikiri. Kufikiri ndiyo maradhi yangu. Nikifunga mlango hurudi mara tatu kuhakikisha kama nimeufunga.

Mjomba ana bunduki ya zamani aliyorithi kwa marehemu babu. Unaikoki kwa kitanzi cha chuma kilicho chini yake, ukikisukuma mbele na kukirudisha, kracha-kracha. Ana kibali chake, kimegongwa mhuri wa komini, yaani serikali ya wilaya. Kila msimu mzee Gaspari, rafiki yake mkulima wa Bugesera, humwita avuke mto Nyabarongo kwenda kuwaua nguruwe mwitu wanaofukua mihogo yake. Watu wa baraza hucheka: Mwislamu gani huyu anayewawindia wenzake kitoweo asichokigusa! Mjomba hujibu, "Mimi naokoa mihogo. Mihogo ni halali."

Mwezi wa pili mwaka huu risasi zake za zamani zilimalizika. Muuzaji alikuwa na aina mbili zinazoingia katika bunduki ile: fupi nyepesi, na ndefu nzito. Mjomba akanigeukia mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye msomi wetu. Fupi au ndefu?"

Jamani, nilivyofurahi! Hatimaye mtu ananiuliza kitu!

Nikamweleza kwamba ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota kama parafujo. Hiyo ndiyo huizungusha risasi ili iende ncha mbele. Risasi ndefu hutaka msokoto wa karibu karibu, fupi hutosheka na msokoto wa mbali. Basi nikaazima tepu yake ya kupimia viuno. Nikafunga kitambaa kwenye ufito wa kusafishia mtutu, nikafunga na uzi mwekundu kama alama, nikausukuma ndani polepole huku ukijizungusha wenyewe. Uzi ulipomaliza mzunguko mmoja, nikapima. Inchi ishirini. Nikarudia. Ishirini. Mara ya tano, ishirini!

Msokoto wa mbali kabisa. Risasi fupi. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo.

Mimi nikaenda kufungua kitabu. Nilikuwa na kitabu kikuukuu cha Kifaransa kuhusu bunduki za uwindaji, na kiliandika kwamba bunduki za namna ile huwa na mzunguko mmoja katika inchi kumi na mbili. Nikaanza! Labda kitambaa kilikuwa kimelegea. Labda kiliteleza, ufito ukazunguka pungufu. Labda mkono wangu ulitetemeka. Kitabu kimeandikwa na wataalamu, mimi ni nani? Nikaikana tepu, nikayakana macho yangu mwenyewe.

"Ndefu, mjomba," nikasema. "Zina nguvu zaidi."

Akanunua ndefu.

Aliporudi kutoka Bugesera aliketi moja kwa moja kwenye cherehani. Mzee Gaspari ndiye aliyekuja na maneno, Jumatatu, mbele ya baraza zima.

"Muzehe Sudi, ngurube iko inakula tu! Hatua arobaini, imesimama kama ng'ombe, na wewe unapiga hewa! Mara tatu!"

Kasimu, fundi wa cherehani ya jirani, akadakia: "Sudi, nguruwe wanakusalimia! Wanasema urudi, wamezoea muziki wako!"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka kidogo. Kisha nikamwona anautazama mkono wake.

Safari ya pili nilikwenda naye. Alikosa tena. Nilipozunguka ghala la Gaspari, nikaona risasi ilipopita kwenye ubao wa mlango. Tundu halikuwa la duara. Lilikuwa refu, jembamba, kama tundu la kifungo kwenye koti. Risasi ilipita kiubavuubavu! Haikuwa imezungushwa vya kutosha. Nilijua palepale.

Mjomba akaniuliza kwa nyuma, "Umeona nini?"

"Hakuna kitu, mjomba."

Hakuna kitu! Ole wangu!

Tuliporudi nilikifungua kile kitabu tena. Ukurasa uleule, chini, kwa maandishi madogo: vipimo hivi ni vya bunduki mpya. Zile za zamani zaidi zilikuwa na msokoto wa mbali. Tepu ilisema kweli mara tano, nami sikuisadiki.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa natafuta maneno. Nilitunga maungamo kumi na mawili kichwani, kila moja nikaliona lina kasoro. Nikaogopa Kasimu atanicheka. Ati kucheka! Na wakati huo mjomba alikuwa anaanza kufumua mishono yake mwenyewe.

Ndiyo. Mshono ulionyooka kama reli, yeye anauona umepinda. Anafumua, anashona, anafumua. Akaacha kukata suti, akawa anatia viraka tu. Sindano akawa anampa mkewe amtilie uzi. "Macho yamekwisha," alimwambia. "Kama sioni nguruwe, nitaonaje mshono?"

Nilikuwa nimemwambukiza maradhi yangu!

Bwana harusi mmoja wa Nyamirambo alileta kitambaa cha suti. Mjomba akakisukuma kwa Kasimu. Halafu akachukua mkasi wake mkubwa, ule aliofundishiwa kazi, akamkabidhi pia.

"Uchukue. Mimi basi."

Safari hii Kasimu hakufanya mzaha. Aliupokea kwa mikono miwili, akatazama chini.

Wale mnaofikiri sana kama mimi, nawaasa: kunyamaza huku unatafuta maneno mazuri ni kunyamaza tu! Mwenzako anaumia wakati wewe unapanga sentensi. Na mkono wako ukipima mara tano ukapata jibu lilelile, usiutupe kwa sababu ya karatasi.

Ijumaa iliyopita, watu walipotoka msikitini na baraza ikajaa, nilichukua ile bunduki tupu, ufito na uzi mwekundu. Sikuwa na sentensi hata moja kichwani.

"Mjomba, macho yako hayana kitu. Kosa ni langu."

Nikapima mbele yake. Inchi ishirini. Nikamweleza habari ya kitabu, nikamweleza na ya tundu la mlangoni.

"Siku ile Bugesera ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nijione kipofu."

Kasimu hakucheka. Hakuna aliyecheka. Mjomba hajaniita msomi tena tangu siku hiyo, na bunduki haniruhusu kuigusa. Ni haki yake.

Lakini palepale aliomba sindano. Mkewe akanyoosha mkono kuchukua uzi, kama alivyozoea. Mjomba akamzuia. Akaulamba uzi, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga, akautia tunduni mara moja tu.

"Kasimu," akasema, "nirudishie mkasi wangu."