Dera Nililomvisha

Ijumaa, mwisho wa Oktoba. Joto limeanza kukatika. Asubuhi palikuwa na vumbi hewani, milima haionekani vizuri, na baada ya sala upepo ukageuka ukaja kutoka baharini, mwororo, wala si wa kumtisha mtu. Nalitanguliza hili nisije baadaye nikaisingizia bahari. Bahari ilikuwa shwari.

Maandishi yakiwa mabaya leo, si kwa ajili ya skuli niliyoiacha mapema tu.

Tulikwenda wanne: mume wangu, dada yake, binti yetu wa miaka kumi na tano, na mie. Tulitoka kwetu Ghubra, tukapita Wattaya, na wifi yangu kama kawaida yake akajichagulia gari katika kila duka la magari tulilolipita. Kisha tukashika njia ya milimani inayoteremkia pwani. Pahala penyewe ni kihori, bahari imejipenyeza katikati ya majabali. Chini kokoto tupu, na kuteremka lazima utumie mikono na miguu. Kwenye mawe chaza wamegandamana, wakali kama chupa iliyovunjika.

Mie bahari naiogopa. Nimezaliwa Unguja na watu hunicheka kwa hilo, lakini maji yakinifika magotini roho inaruka. Binti kafundishwa kuogelea skuli, kwenye bwawa, na tangu likizo alikuwa akiniomba tumpeleke kwenye maji ya kweli. Nilikataa mara nyingi. Leo nikakubali kwa sababu wifi alisema ataingia naye.

"Wewe mtoto wa kisiwani unaogopa maji," akanambia tukiteremka, "mtu wa Nizwa, huko bara, afanye nini?"

"Mtu wa Nizwa ana akili. Kakaa kwake."

Tulipofika hapakuwa na mtu. Binti akavua abaya, na ndani alikuwa na nguo yake ya kuogelea, ya mikono mirefu na suruali, imefunika mpaka kichwa. Ila ikimbana. Mara wakatokea vijana wawili, wametoka kuvua upande wa pili wa jabali, wana ndoo ya samaki. Hapo nikatoa dera langu kwenye mfuko.

"Vaa hili juu."

"Mama, litakuwa zito."

"Vaa."

"Mwache mtoto, wifi. Kafunikwa kuliko sufuria la pilau huyo."

"Vaa, na usilivue mpaka utoke majini. Kuna watu."

Akavaa. Ni mtoto msikivu. Natamani leo angekuwa mkaidi.

Wale vijana lazima niwaseme kwa haki. Kabla mume wangu hajawafikia kuwaamkia, walikwisha kuchukua ndoo yao wakaenda nyuma ya jiwe kubwa, wakakaa kuelekea mlimani, wakaanza kusafisha samaki. Mume wangu akaenda kukaa nao, naye akaipa bahari mgongo. Ndiyo desturi yetu, wanawake wakiingia majini wanaume hugeuka. Niliitazama ile migongo mitatu, kila mmoja kainamisha kichwa, nikafurahi. Nikaona tumestirika.

Wifi aliingia kwa makelele. Kila maji ya baridi yakimpanda alipiga ukelele: "Nakufa! Jamani nakufa, njooni mnizike!" Binti akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, nimesimama ukingoni, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu. Kisha wifi akalala chali akaelea, masikio ndani ya maji, na binti akaogelea kwenda kwenye ukuta wa mawe kutazama visamaki. Si mbali. Kama kutoka mlangoni petu mpaka kwa jirani.

Nilikuwa namtazama. Nasema hivyo ingawa sina hakika, maana kwa dakika moja nilishughulika na chupa ya chai isianguke. Nilipoinua macho alikuwa kashikilia jiwe, nikadhani amesimama. Likaja wimbi, wala si kubwa, likamfunika kichwa. Likarudi, akaonekana. Hakusogea. Likaja jingine, likamfunika tena.

Ndipo nikaona dera. Maji yakija lilifumuka kama mwavuli, yakirudi linakazana kuelekea chini, na pindo lake limeingia kwenye ufa wa jiwe, kwenye wale chaza. Mtoto alikuwa analivuta kwa mkono mmoja. Hakupiga ukelele. Baadaye nilifahamu kuwa hakuwa na pumzi ya kupigia. Macho tu ndiyo yaliyoniita.

"Mtoto anazama!" nikapiga kelele. "Anakufa!"

Nyuma ya jiwe mume wangu akajibu bila ya kugeuka: "Jamani, sauti! Tuko na watu!"

Simlaumu. Alasiri nzima alikuwa akisikia watu wanakufa.

Nikaingia majini. Maji yakanifika kiunoni, kokoto zikanikimbia chini ya nyayo, nikarudi. Nilirudi. Ningeweza kuliacha hili lisiandikwe na hakuna ambaye angejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama. Mtandio ulikuwa umekwenda na maji, nguo imenigandama mwilini, na ile migongo mitatu imekaa vilevile, na heshima zao. Nikaona kwamba hata nikilia mpaka kesho hawatageuka, kwa sababu sisi wenyewe tumewafundisha wasigeuke.

"Geukeni!" nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiarabu. "Wallahi geukeni! Nakuombeni mtazame!"

Mmoja wa vijana ndiye aliyegeuka kwanza. Alinipita mbio, kisu cha samaki mkononi, na khofu ikaniingia mara ya pili kwa kile kisu, kinakwenda kwa mwanangu. Akapiga mbizi. Sikuona kitu ila miguu yake, kisha hata miguu sikuiona. Nilihesabu mawimbi. Mawili. La tatu lilipofika, kichwa cha binti kilikuwa juu yake, na dera limekatwa toka magotini. Mume wangu alikwisha kufika, amejikwaa na goti linavuja damu, akampokea. Wifi naye akaja anaogelea, anauliza kuna nini.

Yule kijana alitoka majini amechanwa na chaza mkono mzima. Hakututazama. Mume wangu alimpa kanga yetu ajifunge damu, akamkumbatia. Kijana akasema "Alhamdulillah, ammi," akarudi nyuma ya jiwe, akakaa kuelekea mlimani kama mwanzo.

Binti alitapika maji ya chumvi, akalia, akapata rangi yake. Tukampeleka kwa daktari njiani. Akamsikiliza kifua, akamkalisha kitambo, akatwambia ni mzima, tumwangalie tu.

Garini kila mtu alitaka kosa liwe lake. Wifi akasema ni makelele yake. Mume wangu akasema, "Ni mimi nisiyegeuka, nawe umeniita." Niliwaacha waseme. Kila mmoja ana haki ya kipande chake, lakini dera lilitoka kwenye mfuko wangu.

Magharibi nilimkuta binti kitandani, nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa kuliko wimbi. "Kwa nini hukulivua?"

"Nilitaka kulivua." Sauti inakwaruza. "Nilikwisha kutoa mkono mmoja. Halafu nikakumbuka umesema nisilivue, kuna watu. Nikaurudisha."

Nikakaa chini kwenye zulia.

"Mama, siku nyingine nikikwama, nilivue?"

"Livue."

"Hata wakiwapo watu?"

Nilichelewa kujibu. Sijui kwa nini, baada ya yote yale. Pengine ilikuwa pumzi moja tu, lakini aliisikia, na mie nilimwona akiisikia.

"Hata akiwapo nani," nikasema. "Hata nikikukataza mie mwenyewe."

Akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, na sikuweza kujua kama ameniamini.

Chakula tulichochukua kilirudi kama kilivyokwenda. Tulikula katlesi baridi na mkate, na chai ya ile chupa niliyoishughulikia. Binti koo lilimuuma, nikampikia uji wa mchele na maziwa, akanywa nusu bakuli. Ile nusu nyengine niliinywa mie.