Trekta la Josepha na Masikio ya Mume Wangu

Mume wangu, Sabiri, ni fundi wa injini hapa Isevya, mjini Tabora, na kwa ubishi hana mpinzani. Tangu anioe nimemwona akifanya kazi kwa namna moja. Anaiwasha mashine, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Kisha anakuambia ugonjwa. Watu walikuwa wakimletea mashine za kusaga, pampu za maji na matrekta madogo hata kutoka Nzega, kwa ajili ya sikio lile tu.

Sasa sikio lile limekufa, na la pili linaelekea huko huko. Hakuniambia, mtu kama yeye angeanzia wapi? Nilijua mwenyewe alipoacha kusikia adhana. Siku hizi hukaa barazani akimvizia jirani yetu Majidi. Akimwona ametoka na kanzu, naye ndipo anakwenda kutawadha. Siku Majidi aliposafiri, mume wangu, baba Najiat, alichelewa adhuhuri, akanilaumu mimi.

Ningecheka zaidi kama kazi isingeharibika. Mwaka huu aliifumua mashine ya kusaga ya mtu, vyuma vyote chini, kumbe kilichokuwa kinagonga ni boliti iliyolegea kwenye kitako chake. Habari ikaenea sokoni. Wateja wakawa wanapita mbele ya banda lake, wanamwamkia, wanaendelea na safari.

Ndiyo maana rafiki yangu Josepha, wa kijiji cha Puge, aliponipigia simu kwamba trekta lao dogo halilimi, na mvua za kwanza zimeshanyesha, mume wangu alifunga spana zake kwenye kiroba akasema, "Hili likinishinda, spana nauza." Hakuwa akitania. Bila spana zile sijui angekuwa nani, na yeye pia hajui.

"Twende wote," akaongeza. "Ukamsalimie rafiki yako."

Tangu lini ananisindikiza kusalimia watu? Nikavaa baibui, tukapanda basi la Nzega.

"Wangaluka, mayo," Josepha alinipokea. Nikamwitikia kwa Kinyamwezi changu cha mjini, wakacheka wote. Mumewe, Tobias, alitupeleka moja kwa moja shambani. Trekta lenyewe ni zee, rangi yake anaikumbuka Tobias peke yake. Akaeleza kwamba linawaka vizuri, lakini likifika mzunguko wa pili linazima. Likipumzika, linawaka tena kama halijawahi kuumwa. Fundi mwingine alishawaambia pampu imekufa, injini ifunguliwe yote.

Wakaliwasha. Sabiri akabana bisibisi sikioni, akafumba macho, majirani waliokuja kutazama wakasogea karibu. Namjua mume wangu anaposikia na anapojifanya. Pale alikuwa anajifanya, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Tobias akaliendesha, Sabiri akabaki pembeni macho kafumba vilevile; likazunguka mara moja, mara ya pili likafifia palepale jirani na sisi.

Sikuweza kuvumilia. Nikamgusa bega afumbue macho, nikasimama mbele yake, mahali anapoweza kuuona mdomo wangu.

"Hili trekta linasinzia, baba Najiat," nikasema. "Halikatiki ghafla. Linashuka, linajaribu kuinuka, linashuka tena."

"Mama, mwache fundi asikilize," Tobias akanikanya, kwa adabu lakini alikereka.

Sabiri alinitazama mdomoni. "Linagonga?"

"Halijagonga hata kidogo."

Akaiweka bisibisi chini. "Basi si ugonjwa, ni njaa. Injini ni nzima, chakula ndicho hakifiki."

Akainama chini ya tenki ilipo filta, na hapo akakuta sisimizi wamejaa kwenye bomba. Sisimizi na dizeli wapi na wapi? Alipoifungua, ndani mlikuwa na uji mzito wa kahawia wenye vipande vya nta. Akachovya kidole, akaonja, akatema, akacheka peke yake.

"Josepha, dizeli mnaiweka kwenye dumu gani?"

Josepha akajishika kichwa. "La asali. Lakini nililisuuza, baba Najiat."

"Kwa maji baridi."

"Kwa maji baridi," akakubali.

Nani wa kumcheka? Kwetu huku kila nyumba ina dumu la asali, na hakuna anayelitupa. Asali ile ilikuwa imetuama kwenye kitako cha tenki. Trekta likitikisika shambani inavutwa na kuziba filta. Likisimama, dizeli inapenya polepole, nalo linaamka. Wakaosha tenki, Sabiri akaweka filta mpya kutoka kirobani, akatoa hewa kwenye bomba, wakatia dizeli safi. Tobias akalima mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka Josepha akaanza kupiga vigelegele.

Akarudi na injini ikiunguruma, meno yote nje. "Fundi, sikio lako bado ni lile lile," akapaza sauti. "Wanaosema limekwisha wana wivu tu."

Maneno hayo Sabiri aliyaona mdomoni, maana Tobias alimsogelea kabisa. Alikuwa amepewa sifa bure, na kilichobaki kilikuwa kutabasamu tu, tupande basi, turudi nyumbani.

Sabiri akafuta mikono taratibu. "Limekwisha kweli," akasema, mbele ya watu wote wale. "Sijasikia kitu tangu nimefika hapa. Aliyesikia ni huyu. Mkiwa na mashine mbovu, mtuite wote wawili."

Kisha akanigeukia. "Haya, sasa linasemaje?"

Nilimpenda mzee huyu kuliko siku ya harusi. Nilisikiliza kwanza, vizuri, kwa sababu ilikuwa kazi. Kisha nikamsogelea auone mdomo wangu, nikamwambia limetulia.