Makofi juu ya mnara wa Cologne

Leo nimemfanya bibi wa Kijerumani ashangiliwe na watu asiowajua.

Si ni wikiendi, nikapanda mnara wa kanisa kuu hapa Cologne. Ngazi hizo, magoti yalilia!

Juu nikamkuta bibi mzee amekaa, anahema.

Mimi mtoto wa Kasulu nikasahau niko wapi. Nikakunja magoti, nikapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu, nao hutuuliza habari za nyumbani.

Bibi akadhani nampongeza kwa kufika juu. Akasimama, akainama kama msanii. Watalii wote wakaanza kumpigia makofi.

Jamani, aibu!

Nikampigia mama simu kumsimulia, nikijua atacheka.

Akauliza tu: “Na habari za nyumbani, alikuuliza?”

Hakuniuliza. Mwaka mzima huku hajaniuliza mtu.

Nyie mlioko Kasulu, hebu niulizeni.