Sauti ya Kuwekwa

Jirani yetu hapa Wabera ni mwimbaji wa opera. Alisomea Ulaya, na wanasema anajaza ukumbi mzima kwa sauti bila maikrofoni. Sisi tutajuaje? Ukimpa salaam anagusa skafu shingoni na kutikisa kichwa, maana sauti inapumzishwa. Maziwa ya ngamia hanywi, eti yanaganda kooni. Juzi mchana jikoni kwa jirani mwingine, Gumato, kulishika moto, mwenyewe amesinzia ndani. Aliyeuona kwanza ni huyo huyo mwimbaji, dirishani kwake. Akapiga makofi. Makofi! Tulidhani anafukuza mbuzi. Gumato alitoka akikohoa, leso inafuka moshi, akamwangalia mwimbaji. "Dada, hiyo sauti unamwekea nani?"

Akagusa skafu.