Trela ilinionyesha daraja ambalo kwenye filamu halimo

Wakuu, salamu kwa kila mmoja kwa umri wake.

Nimesoma humu mnavyolalamika kwamba trela zinamaliza filamu nzima. Iliyonipata mimi ilimaliza filamu na bado ikaongeza cha juu. Nitaandika nilichokiona tu, na nisipokumbuka nitasema.

Ilikuwa Kyela, miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa madukani. Shemeji yangu Asajile, kaka wa mke wangu, alikuwa na banda la video karibu na soko. Deki moja, jenereta moja, mabenchi. Kanda alizifuata Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa wajomba zake.

Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza nikajifundisha kwa kamusi. Kazi yangu pale ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu kinachosemwa.

Siku moja, mwanzoni mwa kanda fulani, kulikuwa na trela ya filamu nyingine. Niliirudisha mara sita, nikaiandika kwenye daftari picha kwa picha. Picha ya mwisho: stelingi, shujaa mwenyewe, yuko katikati ya daraja la kamba, adui anakata kamba, daraja linakwenda na mtu.

Kosa langu likawa kusimulia. Nilisimulia sokoni, nikasimulia kijijini Ipyana, nikasimulia hata kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watu walibishana wiki nzima kama stelingi anaweza kufa.

Asajile alipoipata filamu yenyewe, banda lilifurika. Wengine walichungulia kwenye nyufa za mbao.

Wakuu, kila kitu nilikijua. Msaliti nilimjua kabla hajafungua mdomo. Nilitafsiri maneno kabla hayajasemwa, watu wakapiga makofi. Sote tukawa tunasubiri daraja.

Halikuja.

Stelingi alimkamata adui ghalani, akamtia pingu, majina yakaanza kupanda.

"Mkalimani, daraja liko wapi?" mmoja akauliza.

"Limesombwa na Mto Kiwira!" akadakia mwingine. Banda zima likacheka.

Kicheko kilipoisha, sauti ikatoka nyuma: "Asa, umeikata kanda wewe!"

Asajile akanigeukia. "Shemeji, hebu waambie."

Nilipaswa kusema sijui. Badala yake nilifungua daftari, nikawasomea ukurasa wote, nikamalizia: "Daraja lipo. Kama hapa halipo, basi kanda imekatwa."

Asajile aliinuka. Alitoka akazima jenereta.

Wakamwita Mkata Daraja. Watu wakapungua, akafunga banda, akarudi kulima kijijini Talatala. Kwangu hakukanyaga tena.

"Baba Neema," mke wangu aliniambia, "umemvua nguo kaka yangu mbele za watu kwa ajili ya daftari?"

Nilimwonyesha ule ukurasa. Nililiamini daftari.

Miaka baadaye, Mbeya mjini, niliikuta filamu ileile kwenye duka la kukodisha kanda, kanda halisi ya kiwandani. Niliitazama mara mbili. Daraja hakuna.

Mwenye duka akanieleza kwamba trela huweza kutengenezwa filamu ikiwa bado inapunguzwa, kwa hiyo picha nyingine hubaki kwenye trela peke yake. Nilimwomba arudie. Yaani tangazo la kitu lina vitu kuliko kitu chenyewe?

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Talatala. Asajile alikuwa anaanika mpunga. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi.

Akakaa chini, palepale kwenye turubai.

"Una hakika, shemeji?"

"Nimeitazama mara mbili."

"Mbona ile kanda niliikata kweli," akasema. "Deki iliitafuna kule Karonga nikiijaribu. Nikatoa kipande kama kidole hiki, nikaunga kwa selotepu. Miaka yote najua daraja lilikuwa humo."

Urefu wa kidole ni sekunde chache sana, wakuu. Daraja lile lisingeenea. Lakini aliliamini daftari langu kuliko kidole chake mwenyewe.

Nilichojifunza: trela si shahidi. Na mtu mwenye maandishi awe mwangalifu zaidi ya wengine, maana anaaminika hata na yule anayemwonea.

Jioni ile Asajile alikuja kula kwangu. Mke wangu alipika ndizi na samaki wa ziwani, akawa anatuangalia kwa zamu, haamini. Katikati ya chakula shemeji akaacha kula.

"Sasa yule stelingi," akaniuliza, "alianguka au hakuanguka?"

Mpaka leo sijui nimjibu nini. Ninyi mngemjibuje?